Mtori wa Mtoto Asiyekuwepo

Nimewahi kulishwa mtori wa uzazi bila kuzaa, na bila hata kuwa na mimba. Juzi juzi kwenye msiba wa ukoo wa mume wangu, wifi yangu mmoja alinitambulisha kwa mgeni: "Huyu ni mke wa kaka, ana watoto watatu, wa nne alimtoka." Nikiwa na sahani ya wali mkononi nikasema, "Hakuna aliyenitoka." Wakatazamana. Wamezoea kusema uchungu haujaniisha. Ni kweli haujaisha, ila si uchungu wanaoufikiria wao.

Majina ya watu sitayaandika. Waliofanya nitawasema, na wao wakisoma watajijua. Mimi niliishia darasa la saba, sikufundishwa kuandika kwa kuzunguka.

Niliolewa huku juu, upande wa Meru, ambako nyumba zimezama kwenye migomba na kahawa. Nyumba yangu na ya mama mkwe zinatazamana, ua ni mmoja, ukipiga chafya kwangu mtu anakuombea heri kwake. Mume wangu ni fundi wa kujenga. Miaka ile alikuwa na kazi Terrat, anaondoka Jumatatu anarudi Jumamosi. Mimi biashara yangu ilikuwa ndizi. Nilikuwa nanunua mikungu kwa majirani, tunajazana kwenye pikapu mimi na mwenzangu wa biashara, tunavuka mji mzima hadi Kisongo siku ya mnada. Kule chini migomba haioti, na akina mama wa Kimasai walikuwa wateja wazuri, hawana maneno mengi. Nilikuwa na nafasi yangu karibu na njia ya kuingilia, kila mtu alijua pale ni pangu.

Watoto watatu walikuja wakifuatana, wa tatu kamkuta wa pili bado hajajua kuvaa suruali. Nikamwambia mume wangu, sasa basi, tupumzike.

Akasema, "Watoto ni wa Mungu."

Nikamwambia, "Basi aje awanyonyeshe."

Akacheka, akadhani ni utani. Alikula, akalala, Jumatatu akaenda Terrat. Mimi nikaenda zahanati.

Nesi wa zahanati yetu wa wakati ule ndiye wa kwanza ninayemtaja. Alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Aliniuliza kama mume anajua, nikasema hajui, akasema, "Haya, siri yako na yangu." Nilikuwa nimefuata sindano. Akasema sindano zimeisha, kuna kijiti, kinawekwa mkononi chini ya ngozi na unakaa miaka bila wasiwasi, unasahau kabisa kama unacho.

"Kina shida gani?" nikauliza.

"Shida gani tena, mama? Wenzako wote wanacho, umewaona wamekufa?"

Nilimuuliza, na hilo ndilo jibu alilonipa. Hakuniambia kwamba kuna mwanamke kinamkubali na kuna mwanamke kinamkataa, wala nikikataliwa nifanye nini. Alinifunga bandeji, nikashusha mkono wa blauzi, nikaenda kupika.

Mwanzoni kweli nilisahau. Kisha damu ikaanza. Haikuwa ile ya kumwagika. Ilikuwa inakuja tu, leo kidogo, kesho kidogo, wiki hii, wiki ijayo, mwezi unaisha na yenyewe haiishi. Nilikata khanga za zamani zote. Kichwa kikawa kinagonga kama mtu anapasua kuni ndani. Moyo ulinienda mbio nikipanda kile kilima cha kutoka barabarani, kilima ambacho nilizoea kukipanda na mkungu kichwani huku napiga soga. Na hasira! Mtoto akimwaga chai nilitamani kulia. Kule Kisongo nilikaa juani na khanga mbili kiunoni, nikiinuka natazama kwanza nilipokalia.

Mmoja wa wateja wangu, mama wa Kimasai niliyezoea kumwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, kwa heshima, alinitazama siku moja akasema, "We mama wa ndizi, umekuwa na rangi ya jivu."

"Ni jua, yeyo."

"Jua linafanya watu weusi. Wewe unakuwa mweupe."

Mume wangu akirudi Jumamosi ananiuliza, "Tena?" Namjibu, "Tena." Anageukia ukutani. Hakuwahi kuuliza zaidi ya neno hilo moja.

Nikarudi kwa nesi. Hata kiti hakunipa. "Mwili unazoea," akasema. "Vumilia. Ninyi mnataka kila kitu kiwe kitamu kama asali." Akanipa vidonge kwenye karatasi, nikameza, damu ikapumzika siku chache kama mtu anayevuta pumzi, ikarudi. Nikaenda tena, na jibu likawa lile lile, vumilia. Neno hilo nimelichukia mpaka leo. Mchungaji akilisema kanisani mimi natazama dirishani.

Sasa, asubuhi moja nilikuwa natoa mikungu uani kuipeleka barabarani pikapu isituache. Nikauinua mmoja, nikaona migomba yote inalala upande mmoja. Nilipozinduka nilikuwa chini, khanga imelowa, na mama mkwe amesimama juu yangu ameshika kichwa.

Mama mkwe ni wa pili. Ni mwanamke mwenye nguvu na mwenye huruma, ndiyo maana alikuwa hatari. Hakuniuliza kitu. Alitazama damu, akatazama mkungu, akapiga yowe hadi majirani wakaja wakipita katikati ya migomba: "Mimba imetoka! Mke wa mwanangu mimba imetoka!"

Nilifungua mdomo. Maji yakamiminwa humo humo. Mpaka nimekalishwa kitandani, habari ilikuwa imeshavuka mto. Mtu mmoja alikuwa ameshampigia mume wangu simu Terrat, na mwingine ameshamwambia mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya.

Kwetu mwanamke aliyezaa anafungiwa ndani, analishwa. Hashiki maji ya baridi, habebi, hatoki uani. Na aliyeharibikiwa na mimba anafanyiwa vile vile, tena na zaidi, maana ana majonzi. Basi mama mkwe akachinja mbuzi. Mtori ukapikwa, ndizi na nyama vimepondwa mpaka vikawa uji, asubuhi bakuli, mchana bakuli, jioni bakuli. Maziwa. Supu yenye mafuta ya mbuzi yanayoganda kwenye ulimi. Nikafunikwa blanketi kama aliyejifungua, milango imefungwa, na moshi wa jikoni unaingia.

Akina mama wa jumuiya walikuja na sukari na unga, wakaimba, wakaomba. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mungu alimpenda zaidi."

"Nani?" nikauliza.

"Malaika wako."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa, wakasema masikini, ona anavyojizuia.

Mume wangu akaja siku hiyo hiyo na vumbi la saruji kwenye nyusi. Wanaume walikuwa wanampigapiga mgongoni huko nje, "Pole, baba, jikaze." Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Alimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuuliza alikuja lini. Mimi niliyekuwa natoka damu mbele yake miezi yote ile hakunililia hata chozi moja. Hilo nimeliweka, na siku zote liko pale nilipoliweka.

Mwenzangu wa biashara, ambaye ndiye peke yake niliyekuwa nimemwambia kuhusu kijiti, alikuja kuniona. Mama mkwe akamzuia mlangoni.

"Wewe ndiye ulikuwa unambebesha mizigo. Umeridhika sasa?"

"Mama, naomba nimwone tu."

"Mwone kwa kumwacha."

Akarudi. Akaenda Kisongo peke yake, na mnada uliofuata, na uliofuata. Nafasi yangu ikachukuliwa na mwanamke wa viazi.

Kisha ikaja dawa. Mama mkwe alichemsha mizizi ya kusafisha tumbo, kikombe kizima, cheusi, kichungu hadi meno yanauma. Akasimama mpaka nimalize. Nilipokunywa, damu iliyokuwa inadondoka ikafunguka. Alipoona akafurahi. "Unaona? Uchafu unatoka." Akachemsha tena. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yananimaliza.

Nikamwambia nataka kwenda zahanati. Akasema vizuri, twende wote.

Tukaenda wote! Nimeegemea bega lake njia nzima. Tukaingia kwa nesi, mama mkwe akaanza kueleza yeye, mimba imetoka, amekula hiki, amekunywa hiki. Nesi akanitazama. Alikuwa anajua. Mkono alimokipachika kijiti ulikuwa hapo mbele yake. Nikamwomba kwa macho aseme, au amtoe mama mkwe nje niseme mimi.

Nesi akasema, "Pole sana, mama. Atapona. Aendelee na mtori."

Huyo ndiye nesi. Mama mkwe alipotoka kumsalimia mtu kwenye benchi, nikamshika nesi koti. "Kitoe. Kitoe leo."

"Hakijafika muda wake. Hicho ni cha miaka."

"Kitanimaliza kabla ya hiyo miaka."

"Ukitaka kutoa, njoo na mume. Mimi sitaki ugomvi wa nyumba za watu."

"Kuweka hukumtaka mume."

"Kuweka ni kuweka," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Jumamosi ile nikamwambia mume wangu. Nilimwambia waziwazi, na maneno ya nesi ya kuvumilia, nikapandisha mkono wa gauni, nikashika kidole chake nikamgusisha, asikie kilivyolala chini ya ngozi. Akautoa mkono haraka kama ameshika sufuria la moto. Nilitegemea anipige au anifukuze. Nilikuwa nimeshajua nguo zipi nitabeba.

Akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Nesi. Na mwenzangu wa ndizi."

"Basi ibaki hivyo hivyo."

"Kibaki mkononi?"

"Nasema habari ibaki. Watu wamekuja hapa. Mama amechinja. Mimi nimelia mbele ya wazee. Unataka nionekane nani?"

"Nataka kitolewe. Nesi anakutaka wewe. Njoo Jumatatu useme neno moja tu."

"Nikakae kwenye benchi la wanawake niseme mke wangu alinificha?" Akatikisa kichwa. "Subiri. Si wamesema mwili unazoea?"

Kumbe wamesema! Kwa hiyo neno vumilia lilikuwa na kaka yake ndani ya nyumba yangu. Hakunipiga, hakunifukuza. Aliogopa kuchekwa, na kwa ajili ya hofu hiyo alikuwa tayari mimi nikauke. Huyo ni wa tatu. Jumatatu alfajiri akabeba mwiko wake wa kupigia lipu, akaenda kujenga nyumba za watu.

Na mimi nikaamka. Mama mkwe alikuwa anakamua ng'ombe. Nilitoka kwa nyuma, nikapita katikati ya kahawa, nikishika mti hadi mti. Nilipumzika mara nyingi, sikuhesabu. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa akina mama na watoto wanaosubiri kupimwa uzito. Nikasogezewa nafasi, nikakaa katikati yao.

Nesi akatoka na kuniona. "Wewe tena? Mume yuko wapi?"

"Yuko Terrat."

"Basi nenda, urudi naye."

"Sirudi naye na siendi."

"Mtaalamu wa kutoa vijiti leo hayupo."

"Aliyekiweka ni nani?"

Akatazama daftari lake. Mtoto mmoja akaanza kulia kwenye mzani.

"Si wewe? Basi mtaalamu yupo."

Wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa wakajifanya wanafunga watoto. Sitawasifu akina mama wale kuliko ilivyokuwa. Wengi walikuwa na vijiti vyao mikononi, na walimwogopa nesi kuliko nilivyomwogopa mimi siku ile. Nikapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, nikauacha mkono hadharani.

Nesi akasema, "Utakaa hapo mpaka jioni."

"Nimekula mtori wa kutosha, naweza kukaa mpaka Pasaka. Ila benchi lako litalowa, na utalifuta wewe. Na kila atakayekuja nitamweleza kwa nini limelowa."

"Unanitishia kazini kwangu?"

"Nakueleza tu. Wewe hukunieleza."

Bibi mmoja aliyekuwa amepakata mjukuu akasema bila kumtazama mtu, "Mtolee, nesi. Mkono si wake?" Hakusema kingine, akaendelea kumbembeleza mtoto. Lakini baada ya hapo nikasikia minong'ono ikitembea kwenye benchi, na nesi naye akaisikia. Akafungua mlango wa chumba cha ndani. "Ingia. Haraka."

Ilichukua muda. Nyama ilikuwa imekishika. Ganzi alinichoma, lakini ganzi nayo nadhani ilikuwa ya kuvumilia. Niliuma khanga. Yeye alikuwa anatokwa jasho, na katikati ya kazi akaanza kusema mwenyewe, kama anayezungumza na mkasi.

"Mnadhani mimi napenda? Wanakuja kutoka wilayani wanauliza nimeweka vingapi. Nikitoa, wananiuliza kwa nini nimetoa. Naulizwa mimi, si wewe."

Nikautoa mdomo kwenye khanga. "Na waliokuuliza, kuna aliyeuliza sisi tunaendeleaje?"

Akainamia mkasi wake. Kwa hiyo nao nawataja, wa ofisini, ambao sijawahi kuwaona sura. Wao walikuwa wanataka mikono iliyowekewa, na wenye mikono hawakuwemo kwenye hesabu yao.

Kikatoka. Nikamwambia anionyeshe. Kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, kimelegea, na damu yangu juu yake. Nilikitazama vizuri. Sikukitukana. Kiliwekwa pale na mtu na kikaachwa pale na watu, chenyewe hakina mdomo.

Nilirudi nyumbani kwa njia kubwa. Nilipofika nikavaa gauni lisilo na mikono, makusudi, bandeji ionekane. Mama mkwe akaja na bakuli.

"Mkono umefanyaje?"

Nikamweleza yote, tangu siku sindano zilipoisha. Alisikiliza amesimama na mtori unapoa.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtoto?"

"Hakukuwa, mama."

"Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi ndiye peke yake aliyekufa."

Nilidhani atanimwagia. Akaweka bakuli chini polepole. Akanishika paji la uso, akasema, "Una homa, mwanangu. Uchungu umekupanda kichwani." Akatoka kuwaambia wenzake kwamba nimeanza kuchanganyikiwa, waniombee. Kuanzia siku hiyo nimesema, kwa jumuiya, kwa mawifi, kwa kila aliyeniuliza, na ukoo mzima umeamua kunihurumia. Mtoto yule amekuwa rahisi kwao kuliko ukweli. Yeye alikuwa wa Mungu, hana wa kumlaumu. Kijiti kina watu nyuma yake, na watu hao wanakaa nao meza moja.

Damu ilipungua, ikakata. Nguvu zilirudi kwa kuchelewa, kama mgeni asiyetaka kuja. Kisongo nilianza upya, mwisho kabisa wa mnada ambako ng'ombe wanapita wanakanyaga ndizi. Mume wangu nilimwambia zamu yangu imekwisha, sasa ni yake: ama avae mpira, ama atandike kitanda kingine. Alinuna wiki kadhaa. Kisha akawa ananunua huko huko Terrat, kwenye duka ambalo hawamjui. Bado tunaishi wote. Sijawahi kumwona akilia tena, na simdai.

Mchungaji amenishauri mara nyingi nisamehe. Nilimuuliza, nani amekuja kuomba? Nesi alihamishwa, hakuaga. Mama mkwe amefariki akiamini nina homa. Mume wangu mpaka leo akisikia habari hii anatoka nje kuangalia mbwa. Akija mmoja nitaangalia la kufanya. Sitagawa msamaha nyumba kwa nyumba kama kadi za mchango.

Na msije mkasema nakataza watu kupanga uzazi. Ningekuwa na watoto saba mimi, na mgongo wa bibi. Binti yangu mkubwa ameolewa, anaishi Engutoto, na mwaka jana aliniambia anataka kijiti. Nikamwambia twende. Muuguzi wa huko alikuwa msichana mdogo, akanipa shikamoo, akaniwekea kiti. Akamweleza binti yangu yanayoweza kutokea, damu, kichwa, hasira, na mengine ambayo mimi niliyajulia kwenye khanga zangu. Alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Nikasema, "Mimi ndiye nina swali. Kikimkataa, mtakitoa siku gani?"

"Siku atakayokuja, mama."

"Mume wake asipokuja naye?"

"Sisi hatuhitaji mume."

"Na ukiwa umeulizwa na wakubwa zako?"

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Tutakitoa, mama."

Binti yangu alikuwa anaona aibu, ananivuta gauni. Nikamwambia muuguzi aseme tena, taratibu, akimtazama yeye machoni na si mimi. Akasema tena. Nikamwambia binti yangu naye ayaseme kwa mdomo wake, kwamba akitaka kitoke kitatoka. Akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia aongeze sauti. Akaongeza, mpaka waliokuwa kwenye benchi la nje wakageuka. Ndipo nikamwambia haya, nyoosha mkono.